Timu Isiyokuwemo Kwenye Orodha

Katika gemu ya kandanda tuliyoicheza Lugulu, Kenya haikuwemo. Nigeria ilikuwemo, Kamerun ilikuwemo, Ghana na Côte d'Ivoire pia, lakini ungeishuka orodha ya mataifa kutoka juu hadi chini, ukaipanda tena kwa kudhani jicho limeruka mstari, bendera yetu usingeiona. Ni jambo dogo, na pengine nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Hata hivyo, kila ninapodhani nimelimaliza hunigeukia na upande mwingine, nami hujikuta nikiuliza upya lilinifunza nini, na kama somo lenyewe limekwisha kuniingia au bado liko njiani.

Gemu hiyo ilitengenezwa na Konami ya Japani. Wajapani waliijua kwa jina la Winning Eleven. Diski zilizotufikia sisi zilikuwa na majina yote mawili, ingawa vijana wengi waliizoea kama PES, yaani Pro Evolution Soccer. Ilitoka kila mwaka na kushindana na FIFA ya EA Sports, iliyokuwapo tangu mwaka 1993. FIFA ilikuwa na leseni za ligi, hivyo majina na jezi zake zilikuwa za kweli. PES ilibahatisha leseni hapa na pale, na pale ilipozikosa ikabuni majina: Liverpool ikawa Merseyside Red, na katika matoleo ya awali Roberto Carlos akaitwa Roberto Larcos. Sisi hatukujali. Tulimtambua Roberto Carlos kwa mkwaju wake wa mguu wa kushoto, na jina lililoandikwa mgongoni halikutupotosha. Mpira wa PES ulikuwa na uzito, ulidunda na kuteleza kama unavyodunda na kuteleza uwanjani, na hilo lilitutosha.

Toleo nililoishi nalo zaidi ni la sita, la mwaka 2006, lenye picha ya Adriano wa Brazil na John Terry wa Uingereza kwenye jalada. Nilicheza mengine kabla na baada yake, lakini nikisema "ile gemu", moyo wangu unamaanisha hiyo.

Lugulu, kwa asiyeijua, iko kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika kaunti ya Bungoma. Wasafiri wengi huijua kwa hospitali ya misheni ya Friends na kwa shule ya upili ya wasichana, vyote vikiwa na mizizi katika kanisa la Waquaker lililokita sana katika nchi ya Waluhya. Huku kwetu mashamba ni ya mahindi na miwa, na upande wa Webuye kunaonekana kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza. PlayStation 2 ilifika mahali kama hapa kwa njia ya kawaida ya vitu vya mtumba: mtu alitoka nayo mjini, akaiweka kwenye kibanda cha mabati pamoja na televisheni na benchi, na vijana wakaanza kulipa kwa mechi. Aliyefungwa aliinuka, aliyeshinda akabaki na pedi yake mkononi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na sikumbuki mtu aliyewahi kuipinga.

Dunia wakati huo ilikuwa imekwisha kupata mashine mpya. Xbox 360 ilikuwa sokoni tangu mwaka 2005, na PlayStation 3 ikafuata mwaka uliofuata. Sisi tuliendelea na PlayStation 2, iliyotoka Japani mwezi wa Machi 2000 na ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Nilikuwa na hakika kwamba tumeachwa nyuma. Niliamini kwamba mahali fulani mbali, mtoto wa rika langu alikuwa akicheza gemu ileile ikiwa kamili zaidi, na kwamba sisi tulipewa makombo yake.

Baadaye sana, nilipoanza kusoma kuhusu mambo haya, niligundua kwamba katika toleo hilo la sita ilikuwa kinyume. Toleo la Xbox 360 lilikuwa na picha nzuri zaidi, lakini watengenezaji, kwa kuikimbilia mashine mpya, walipunguza mengi yaliyokuwa ndani, na sehemu ya kuhariri timu na wachezaji ikakatwa vibaya. Toleo la mashine yetu kuukuu ndilo lililobaki na sehemu hiyo nzima. Na mashine hiyo iliishi kuliko ilivyotarajiwa: Sony iliacha kuitengeneza kufikia mwanzo wa mwaka 2013, na bado mwishoni mwa mwaka huohuo PES 2014 na FIFA 14 zilitolewa kwa ajili yake, yaliyobadilika zaidi yakiwa ni jezi na orodha za wachezaji. Kulikuwa na watu wengi duniani, katika Brazil, Indonesia na Afrika, waliokuwa bado wameshika pedi za zamani.

Nilifurahi nilipoyajua haya, kisha furaha hiyo ikanitia shaka. Ni rahisi mno kusema kwamba cha zamani ni bora kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Sitaki kusema hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa nimepima umasikini wetu kwa kipimo kimoja, cha picha, na sikujua kwamba kulikuwa na kipimo kingine, yaani uwezo wa kubadilisha ulichopewa. Kwa kipimo hicho cha pili, kibanda cha mabati cha Lugulu kilikuwa na utajiri ambao hakuna aliyetuambia kuwa tunao.

Sehemu hiyo ya kuhariri ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Mwaka ule wa toleo la sita Konami ilikuwa imepoteza leseni ya ligi ya Ujerumani, Bundesliga. Bayern Munich pekee ndiyo iliyobaki. Penye pengo hilo waliweka ligi ya timu 18 zisizo na majina, Timu A, Timu B, na kuendelea, zenye wachezaji wa kubuni, ili mwenye subira azijaze mwenyewe. Bila shaka waliwafikiria vijana wa Ulaya ambao wangeketi na kuzirudisha Dortmund na Hamburg mahali pake. Lakini nafasi iliyoachwa wazi haichagui wa kuijaza. Sisi tuliweka AFC Leopards, kwa rangi ya buluu na nyeupe, maana huku kwetu Ingwe, kama tunavyoiita timu hiyo, ni suala la ukoo kama vile ni suala la mpira. Tuliweka Gor Mahia kwa kijani, ili Ingwe awe na wa kupambana naye. Tuliweka Nzoia Sugar. Tuliweka shule, St. Anthony's ya Kitale ikiwa ya kwanza, kwa jinsi ilivyotamba katika michezo ya sekondari. Mmoja wetu ambaye baba yake alifanya kazi Pan Paper, kiwanda cha karatasi cha Webuye, aliipa timu moja jina la kiwanda. Kiwanda kilisimama mwaka 2009 na watu wengi wa nyumba zetu wakarudi kulima. Timu yake iliendelea kucheza ndani ya memori kwa muda baada ya hapo, na hatukuwa na moyo wa kumwambia aibadilishie jina.

Mwisho tukaiweka Kenya.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza, na mzozo huo ndio nimekuwa nikiurudia kichwani miaka yote hii. Maana jina la timu ni rahisi kuandika, na jezi ni rahisi kuipaka rangi, lakini kila mchezaji wa gemu hiyo alikuwa na takwimu. Kasi, nguvu ya mkwaju, usahihi wa pasi, kuruka, stamina, kila moja ikienda hadi 99. Zilijumlishwa katika umbo la pembe sita ambalo kwa mchezaji mzuri lilinenepa na kwa dhaifu likakonda. Kwa hiyo Dennis Oliech apewe kasi gani? Huyu ndiye aliyefunga dhidi ya Cape Verde mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, bao lililotupeleka Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia. Wakati tunaihariri timu, alikuwa akicheza Ufaransa. Na McDonald Mariga, aliyekuwa anaanza safari yake Sweden, nguvu zake ni ngapi? Na kipa? Na beki wa kushoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akicheza, tuliyemsikia tu kwenye redio?

Mimi niliwapa nyingi. Nilipokuwa na pedi, kidole changu hakikukubali kuachia kitufe mapema. Nilihisi kwamba kumpunguzia Oliech alama mbili ni kumsaliti, kana kwamba yeye, kule alikokuwa, angehisi. Rafiki yangu mmoja, mkimya kuliko sisi sote, alisema tukiwapa wote 99 hatutakuwa tunacheza na Kenya, tutakuwa tunacheza na matamanio yetu. Nilimjibu kwa hasira kwamba Wajapani hawakutupa hata moja, kwa hiyo tuna haki ya kujipa zote. Jibu hilo lilipokelewa vizuri katika kibanda. Nikaliona limemaliza neno.

Halikumaliza. Tuliifunga Brazil mabao mengi kwa Kenya hiyo, na baada ya muda hakuna aliyetaka kuicheza. Haikuwa na utamu. Ushindi ulikuwa umeandikwa kabla ya filimbi, nasi ndio tuliouandika. Watu walirudi kwenye Inter na Arsenal zao, na Kenya yetu yenye misuli ikabaki pale kwenye memori bila mchezaji.

Kukhu, mama mzaa baba, hakuwahi kuingia kibandani, lakini mara moja mashine ililetwa nyumbani wakati wa likizo na akakaa nasi akimenya maharagwe. Aliwatazama wale watu wadogo wakikimbia, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na hawa wetu mmewajuaje?" Nilimweleza habari ya Oliech, nikamwonyesha pembe sita yake. Akasikiliza kwa adabu, akaendelea na maharagwe yake. Nilidhani hakuelewa nilichomwambia. Leo nadhani mimi ndiye sikuelewa swali. Hakuuliza wana nguvu kiasi gani. Aliuliza tumewajuaje.

Na ukweli ni kwamba hatukuwajua. Konami hawakuwajua, ndiyo maana waliwaacha. Sisi tuliwapenda, na kwa sababu tuliwapenda tuliwapa kila kitu, nako huko pia hakukuwa kuwajua. Nimejiuliza mara nyingi ni lipi lenye heri kati ya hayo mawili, kusahauliwa na mgeni au kutukuzwa na ndugu ambaye hajakutazama. La kwanza linauma zaidi. La pili, naanza kuona, lina upofu wake, na ni upofu mgumu kuutibu kwa sababu unajiona kuwa ni upendo.

Ndani ya gemu hiyo kulikuwa na kitu kimoja kilichoelekea upande wa swali la kukhu, ingawa kwa miaka tulikitazama bila kukitafakari. Kabla ya kila mechi, mbele ya jina la kila mchezaji kulikuwa na mshale mdogo. Mshale mwekundu uliosimama wima ulisema kwamba leo huyu yuko katika hali yake ya juu kabisa. Wa kijani uliolala ulisema yuko kawaida. Kisha kulikuwa na ule uliogeukia chini. Mchezaji mwenye takwimu kubwa kuliko wote angeweza kuja na mshale wa chini, akawa mzito, akapoteza mipira ambayo jana aliicheza kwa wepesi. Mwenye busara alimweka nje. Sisi wengine tulisema, "Huyu ni Ronaldinho, mshale ni kitu gani," tukampanga, tukafungwa, tukainuka kwenye benchi.

Adriano, yule wa kwenye jalada, ndiye aliyenifanya niufikirie mshale huo nikiwa mtu mzima. Nguvu ya mkwaju wake katika toleo la sita ilikuwa 99, na kila aliyeshika pedi enzi zile anakumbuka: ungemfikisha mbali na lango, umgeuze kwenye mguu wa kushoto, ubonyeze kitufe cha mraba, na kipa asingefanya lolote. Watu walikatazana kumtumia. Tuliyemtumia alikuwa mtu asiyeweza kuumia.

Lakini Adriano halisi alikuwa amempoteza baba yake mwaka 2004, mara tu baada ya kuisaidia Brazil kutwaa Copa América. Mwenyewe amesimulia baadaye jinsi kifo hicho kilivyomvunja, jinsi alivyoingia katika pombe na upweke akiwa Milan, akiwa na kila kitu ambacho kijana wa mitaa duni ya Rio angeweza kuota. Mwaka 2009 aliiacha Inter akarudi kwao, akaichezea Flamengo na kutwaa ubingwa wa Brazil mwaka huohuo, kisha kazi yake ikafifia taratibu. Wakati sisi Lugulu tunabishana kama ni haki kumtumia, yeye alikuwa katika huzuni ambayo hakuna takwimu iliyokuwa na nafasi yake. Dunia nzima ilimwona. Makamera yalimzunguka kila Jumapili. Na bado alikuwa kwenye orodha bila kujulikana.

Hilo lilinitikisa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu liliharibu dawa niliyokuwa nimejiandalia. Nilikuwa nimeamini kwamba shida yetu ni kukosekana, na kwamba siku tutakapoandikwa tutapona. Basi nikaanza kukumbuka siku ambazo Wakenya waliandikwa kweli. Mariga alifika Inter mwaka 2010, akawa katika kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa. Mdogo wake, Victor Wanyama, mtoto wa Noah Wanyama aliyeichezea AFC Leopards, alikuwa Celtic, na tarehe 7 Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa katika usiku ambao Celtic ilishinda 2–1. Kisha akaenda Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa kupitia klabu zao waliingia kwenye gemu, kwa majina yao, na nyuso zilizokaribia kufanana na zao.

Nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha nikafungua takwimu zao na nikaanza kunung'unika kwamba ni ndogo. Nilikuwa nimetaka waandikwe; walipoandikwa nilitaka waandikwe vizuri zaidi; na sijui, kama wangepewa 99, ningetaka nini baada ya hapo. Njaa ya kutambuliwa na walio mbali haikupungua kwa kulishwa. Ndipo nilipoanza kushuku kwamba nilikuwa nikiwadai wageni kitu ambacho sisi wenyewe kwa sisi hatukuwa tumepeana.

Nasema hivi nikijua ninachokifanya kila siku. Mimi ni mwalimu. Nililelewa katika mfumo wa KCPE, ambapo miaka minane ya mtoto ilifupishwa kuwa alama kati ya 500, na kijiji kizima kikazijua kabla ya jua kutua. Huku kwetu alama hizo ziliamua binti yupi aingie Lugulu Girls na yupi abaki akiitazama kutoka barabarani. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa tuna mtaala wa umilisi, na badala ya alama pekee tunaandika kwamba mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Ni mabadiliko mazuri, nadhani. Lakini kalamu bado iko mkononi mwangu, na mkono ni uleule uliokuwa kwenye pedi.

Nimewatazama watoto kwa njia zote mbili nilizozieleza. Wapo ambao sikuwaona, wanaokaa nyuma, wasiosumbua na wasiong'ara, nami nikajaza fomu zao kwa sentensi ambayo ingemfaa mtoto yeyote. Wapo niliowapenda haraka, kwa wepesi wa ulimi wao au kwa sababu nilimjua mzazi wao, na kidole changu hakikuachia kitufe mapema. Kwa hao wa pili nilijihesabu mwema. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto aliyepewa 99 asizokuwa nazo huja kukutana na mechi ya kweli akiwa hana silaha, na hajui kwa nini amefungwa.

Na mshale? Mshale ndio mgumu zaidi. Mtoto huja asubuhi na takwimu zilezile za jana lakini amekesha usiku akimwangalia mgonjwa, au ameacha ugomvi nyumbani, au hakula. Hakuna fomu yenye mstari wa jambo hilo. Gemu ya mwaka 2006 ilikuwa na mstari huo. Sitaki kuitukuza kupita kiasi. Mishale yake ilipangwa na mashine kwa kubahatisha, haikujali kabisa Ronaldinho alilalaje. Lakini ilimkumbusha anayepanga timu kwamba mtu wa leo lazima atazamwe leo. Mimi nilihitaji miaka mingi ya kushika chaki kulifikia wazo hilo, na zipo asubuhi ambazo bado hulisahau.

Mwezi wa Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa michuano ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Hawa ndio hasa ambao gemu haziwajui. Nilitazama mechi pamoja na vijana waliokulia kwenye simu, wanaocheza eFootball, jina ambalo Konami waliipa PES mwaka 2021 walipoifanya kuwa ya bure. Ilipozinduliwa ilikuja na timu chache na bila sehemu ya kuhariri, hivyo vijana hawa hawajawahi kuketi kujaza Timu A. Nilikuwa tayari kuwahurumia. Kenya ikaifunga DR Congo, ikatoka sare na Angola, ikaifunga Morocco kwa bao la Ryan Ogam huku ikiwa na watu pungufu uwanjani, ikaifunga Zambia. Katika robo fainali tukatolewa na Madagascar kwa penalti. Na vijana hawa, ambao niliwadhania hawana wanachokijua nje ya simu, waliwajua wachezaji wale mmoja mmoja: huyu alitoka shule fulani, yule aliwahi kucheza mashindano ya kaunti, huyu mguu wake wa kulia ndio unaomsumbua. Hawakuwa wamemwandikia mtu yeyote namba. Walikuwa wamewatazama.

Nilirudi nyumbani na swali la kukhu, likiwa limekaa vizuri zaidi kuliko lilivyokaa nikiwa kijana. Bado sina hakika kwamba tulikosea kuiweka Kenya kwenye ile memori. Mtoto anayejiandika mahali ambapo hakuandikwa anafanya jambo la ujasiri, na nisingependa mtu yeyote amcheke. Huenda kujipa 99 ni hatua ambayo aliyesahauliwa lazima aipitie kabla ya kupata utulivu wa kujitazama. Huenda pia wengine hukwama hapo maisha yao yote, na nchi nzima zinaweza kukwama. Sijui mpaka uko wapi. Ninachokijua ni kwamba yule rafiki mkimya alikuwa ameona mbali kuliko mimi, na kwamba nilimnyamazisha kwa jibu zuri.

Mwaka 2027 Kombe la Afrika litachezwa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Huenda kufikia wakati huo gemu fulani itakuwa na bendera yetu, huenda isiwe nayo. Wewe unayesoma haya, kama ni mzazi, mwalimu, kocha wa timu ya kijiji au ndugu mkubwa tu mwenye sauti nyumbani, usingoje orodha ya mtu mwingine ikuambie wako wana thamani gani, wala usiwaandikie namba kubwa ili moyo wako utulie. Nenda uwanjani jioni, simama kando ya mstari, mtazame mmoja hadi umjue. Kisha, ikiwa bado utahitaji namba, iandike, na kesho urudi kumtazama tena.